Mpaka wa Mwisho Avuke

Kanisa lile likiona nyoka haliui nyoka, linaunda kamati ya nyoka. Kamati inafungua kwa sala, inakunywa soda, inafunga kwa sala, na nyoka bado yumo ndani. Ndivyo alivyokuwa akiwaza Bupe Jumamosi ile, amekaa benchi la nyuma katika ofisi ya kanisa pale Kurasini, mikono ameifumbata mapajani asije akapiga meza ya watu.

Mzee Polikarpo, mwenyekiti wa baraza la wazee, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusoma azimio. Semina ya watoto ya likizo ya Juni, ile ambayo Bupe na walimu wenzake wa Sande skuli huiendesha kila mwaka, mwaka huu haitakuwepo. Sababu ni barabara. Malori ya makontena yamezidi, tuta liliombwa tangu Pasaka, na jibu linalorudi ni lile lile, mchakato unaendelea. Kanisa haliwezi kubeba dhamana ya watoto kuvuka pale wiki nzima, kwenda na kurudi.

"Kwa hiyo tunasubiri tuta," alimalizia mzee, akavua miwani.

"Na watoto nao wanasubiri tuta?" Bupe aliuliza.

"Watoto watakaa nyumbani, Mwalimu."

"Nyumbani na nani, mzee wangu? Mama yuko getini anauza chai, baba yuko bandarini, shule imefungwa. Mtoto wa huku likizo anakaa wapi? Anakaa hiyo hiyo barabara mnayoiogopa! Wanacheza rede katikati ya matrela. Mie nawaona, cherehani yangu inatazama huko huko. Tukiwa na semina, barabara ipo. Tusipokuwa na semina, barabara ipo. Ila kwenye semina kuna mtu mzima anayejua jina la mtoto, anamnywesha uji, anamfundisha neno la Mungu, na asipomwona anauliza yuko wapi."

Wazee wakatazamana. Kila mmoja mle ndani alikuwa na jina moja mdomoni na hakuna aliyetaka kulitoa. Jina lenyewe ni Isack.

Isack ni mtoto wa darasa la tatu. Jumapili ya Pasaka watoto wa Sande skuli waliruhusiwa mapema, kama ilivyo ada, watu wazima wakabaki uani kwa ajili ya mnada. Anayesali makanisa haya anaujua mnada. Watu huleta sadaka ya kuku, mayai, mikungu ya ndizi, na baada ya ibada vitu vinanadiwa palepale nje, kwa vicheko na ubishi. Mnadi ni huyo huyo Mzee Polikarpo, ana sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Siku hiyo kulikuwa na jogoo mwekundu, familia mbili zinamgombania, kanisa zima limejaa pale kushangilia. Watoto wakaenda zao. Wenzake Isack walivuka mbio. Yeye ndala ilikuwa imekatika, akabaki nyuma, akavuka peke yake.

Alipona, Mungu ni mwema. Mguu ulivunjika, ukafungwa plasta, ukafunguliwa, sasa anachechemea kidogo tu. Lakini toka siku ile hajakanyaga lami. Na mama yake, Clara, hajakanyaga kanisa.

"Mwalimu," alisema Mzee Polikarpo taratibu, "hata sie tukikubali, nani atamleta mtoto? Akina mama wa ng'ambo ile wote wanamtazama Mama Isack. Asipoleta wake, hakuna atakayeleta." Akavaa miwani tena, na akasema maneno ya kufungia kikao, maana alijua hayawezekani. "Siku Mama Isack atakapomleta Isack hapa, kwa miguu ya mtoto mwenyewe, mie kwa mkono wangu nitapiga kengele na semina itaanza hapo hapo, tuta liwepo lisiwepo."

Wazee wakacheka, kikao kimekwisha. Bupe hakucheka. Alisimama, akachukua mkoba wake.

"Nimesikia, mzee. Na wazee wote mmesikia," akasema, akatoka bila kungoja sala ya kufunga.

*

Alianza vibaya, na yeye mwenyewe alikuja kukiri. Jioni ile ile alivuka barabara akaenda kwa Clara, amebeba Biblia, na neno la kwanza baada ya salamu likawa, "Mama Isack, nimekuja tuombe pamoja."

Clara alikuwa uani anasugua masufuria. Ni mama lishe, huwapikia makuli na matingo wali na maharage karibu na geti la bandari, mwanamke wa Bukoba mwenye mikono minene na maneno machache. Baba watoto yuko migodini Kahama, anakuja mwaka kwa mwaka. Alisugua sufuria ile mpaka mwisho, akaisuuza, akaiinamisha, ndipo akainua uso.

"Tuombe nini, dada Bupe? Nimeshaombewa vya kutosha. Hospitalini mlijaa kitandani kwa mwanangu mpaka nesi akawatoa. Mie sina ugomvi na Mungu. Mungu hakuwa mnadani. Nyie ndio mlikuwa mnadani."

Bupe aliishusha Biblia. Kweli, alikuwepo. Alisimama mstari wa mbele, anashangilia jogoo.

"Nimekuja kwa ajili ya semina," akasema. "Naomba Isack na Hope."

"Nikikwenda kazini nawafungia kufuli." Clara alisema hivyo bila kuficha, akamtazama machoni. "Mseme mnavyosema. Najua kufuli si malezi. Lakini jioni nikirudi nakuta watoto wangu wawili, na miguu yao minne. Kufuli halijawahi kuniangusha. Watu wameniangusha."

Bi Hamisa, mama mwenye nyumba, alikuwa kizingitini kwake anapeta mchele na masikio yote mawili yako huku. Ni Mzaramo wa hapo hapo, kazaliwa Kurasini wakati ingali minazi, na ndiye anayeshika ufunguo wa pili wa kufuli lile, ikitokea dharura.

"Mwache mwenzio, Bupe," akasema. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

Na mie nimechoshwa na habari za nyoka, Bupe akajisemea. Akaaga. Mlangoni akamkuta Hope, binti mdogo wa Clara, wa darasa la awali, pengo mbele, amejibanza ukutani.

"Mwalimu, semina si Jumatatu?" akanong'ona.

"Ni Jumatatu."

"Mie nitakuwa nimefungiwa."

Bupe alichuchumaa mpaka macho yakalingana. Hasira ilimpanda, hasira ya kanisa, ya malori, ya yeye mwenyewe na ule mdomo wake uliokuwa ukishangilia jogoo. Na ilipofika juu ikatulia, ikawa nia.

"Basi tutaanzia dirishani," akamwambia.

*

Jumatatu Clara alipokwisha kufunga kufuli na kuondoka na masufuria yake, Bupe aliifunika cherehani, akabeba kigoda, ngoma ndogo ya Sande skuli na bunda la picha kubwa za hadithi, akabisha hodi kwa Bi Hamisa.

"Shikamoo Bi Hamisa."

"Marahaba. Na hiyo ngoma? Kuna mwali anatoka leo na mie sina habari?"

"Nimekuja kuomba uwanja. Nataka kuwafundisha watoto wa Clara hapo nje ya dirisha lao."

Bi Hamisa alimtazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa. "Makubwa! Semina ya dirishani! We mwanamke mbishi, ulizaliwa na meno nini? Haya, kaa. Habari za Mitume hata sie tunazo. Ila usimmwagie mtu maji kichwani hapa kwangu, na adhuhuri wajukuu zangu wanakwenda chuoni kusoma Kurani, usiwacheleweshe."

"Sitawachelewesha."

"Na ngoma upige vizuri. Nyie wa bara ngoma hamuwezi."

Bupe akaketi chini ya dirisha, akapiga. Kwanza alikuja Hope, akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili na kuimba kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Kisha akaja Najma, mjukuu wa Bi Hamisa. Kisha wakaja watoto wa nyumba ya jirani, na wa nyumba ya nyuma, kamasi na vumbi na mipira ya makaratasi, mpaka uwanja ukajaa. Isack alikuwa ndani, kitandani, amegeukia ukuta. Bupe hakumwita. Alijua mtoto anasikia, maana kila wimbo ulipoisha kile kitanda kililia kidogo.

Clara aliporudi jioni, Bupe alikuwa akimngoja mlangoni makusudi. Habari zilikwisha kumfikia huko huko njiani, Kurasini hapafichiki kitu.

"Umefanya semina dirishani kwangu."

"Nimefanya. Na kesho nitafanya. Ukitaka nisije niambie hapa hapa, sitakuja. Lakini uniambie wewe, si mtu mwingine."

Huko ndani Hope alikuwa anamwimbia kaka yake ule wimbo, anaukosea kwa furaha.

"Kufuli sifungui," Clara akasema.

"Sijakuomba ufungue."

Na kesho yake akaenda tena, na kesho yake. Walimu wenzake wawili walikuja kumsaidia, mmoja akachemsha uji, Bi Hamisa akaonja akasema hauna sukari, akaongeza ya kwake.

Siku ya hadithi ya mto ndiyo iliyogeuza mambo. Bupe alitundika picha kwenye kamba ya nguo za Bi Hamisa, katikati ya kanga mbili. Akawasimulia jinsi taifa zima lilivyofika ukingoni, mto umefurika, hakuna daraja, watoto wanalia, na Mungu akasema waanze makuhani. Makuhani wakaingia na mzigo wao mabegani, wakaenda mpaka katikati kabisa, maji yakasimama.

"Wakasimama pale pale yalipokuwa yanapita maji," Bupe akasema. "Watu wakapita. Wazee wakapita, mbuzi wakapita, akina mama na watoto mgongoni wakapita. Na wale makuhani hawakutoka."

"Mpaka lini?"

Sauti ilitoka ndani, na haikuwa ya Hope. Bupe hakugeuza kichwa, aliogopa kuikatisha.

"Mpaka watu wote walipovuka."

"Hata wa mwisho?"

"Hata wa mwisho."

Halafu uso wa Isack ukajitokeza dirishani, nyuma ya kichwa cha dada yake, macho makavu, mtoto anayeuliza kitu anachotaka kukijua kweli.

"Je, kama ndala yake imekatika?"

Bi Hamisa aliacha kupeta. Bupe aliitazama picha ile kambani. Hadithi ile ameifundisha miaka nenda miaka rudi, kwa picha zile zile, na kila mwaka watoto huuliza kama samaki walikufa. Leo ndiyo kwanza mtu kauliza swali lenyewe.

"Hata kama ndala yake imekatika, Isack," akasema. "Walimsubiri."

Isack akafikiri. "Mie hawakunisubiri," akasema, bila kulaumu, kama anayesema jana kulikuwa na mvua. Akarudi kitandani.

Bupe alimaliza kipindi, sijui alimalizaje. Aligawa uji. Alikunja picha. Kisha akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa mbele ya watu, wala hakuona haya.

"Unakwenda wapi na uso huo?" Bi Hamisa akamuuliza.

"Kutafuta makuhani," Bupe akajibu.

*

Mzee Polikarpo alikuwa ofisini kwake, kichumba kilichojaa makaratasi ya mizigo ya watu, maana kazi yake ni kuwatolea wafanyabiashara shehena bandarini. Alimkaribisha, akamsikiliza nusu, akainua mkono.

"Wazo zuri, Mwalimu. Watu wazima wasimame barabarani watoto wakivuka. Zuri sana. Tuliundie kamati nd—"

"Mzee wangu, nisamehe. Kamati haina miguu. Wewe unayo."

Mzee alikunja uso. Hakuzoea kukatizwa, na mwanamke wa umri wa binti yake. Lakini Bupe hakumpa nafasi ya kukasirika. Alimweleza habari ya dirishani, neno kwa neno, mpaka kwenye ndala. Alipofika hapo mzee akavua miwani, akaishika mkononi, akasahau kuivaa.

"Nilisikia breki, Bupe," akasema baadaye. Sauti ile kubwa ilikuwa imeingia ndani. "Bei ya jogoo nilikuwa nimeshaitaja mara ya pili. Nikasikia breki, na nikasikia mtoto. Nikasema kwanza mara ya tatu. Ndipo nikakimbia." Akaiweka miwani mezani. "Yule jogoo sijui hata alichukuliwa na nani. Lakini kila Jumapili nikisimama kunadi, koo linakauka."

Bupe angeweza kumwambia pole. Alimhurumia kweli. Lakini pole ingemkalisha mzee kitini, naye alitaka asimame.

"Kesho asubuhi, kabla Mama Isack hajatoka," akasema. "Usimame katikati. Usiondoke mpaka wa mwisho avuke. Na Jumapili mnada usianze kabla watoto hawajafika ng'ambo. Hicho ndicho ninachotaka, mzee, sitaki kingine."

Jioni ile Bupe alipita nyumba kwa nyumba. "Msinipe watoto," aliwaambia akina mama. "Njooni nao ukingoni, muwashike mikono, mtazame tu. Mkiona hapafai, mrudi nao." Wengine walimsonya. Wengine walisema watakuja kuona kioja.

*

Asubuhi kioja kilikuwepo. Mzee Polikarpo katikati ya barabara ya makontena, kavaa suti ya kunadia na tai, viatu vinang'aa. Upande wa kanisa alisimama mzee mwenzake, Albano, anatetemeka waziwazi ila yupo. Na Bi Hamisa naye hakukubali kupitwa. Alisimama upande wa huku, kanga kaifunga kiunoni kwa fundo la ugomvi.

"Nimekuja kumtazama mzee wenu," alimwambia Bupe. "Mtu asife peke yake kama hana majirani."

Lori la kwanza likaja limebeba kontena, honi inalia toka mbali. Mzee Polikarpo akainua mkono.

"SIMAMA!"

Jamani, sauti! Ile ya kuku na mikungu ya ndizi ilikuwa mazoezi tu. Breki zikalia, Bupe akafumba macho, akafumbua. Lori limesimama, na mzee amesimama. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, umechoka kuishi?"

"Nimechoka kuchelewa," mzee akajibu, mkono uko juu. "Watoto, piteni!"

Wakapita. Kwanza wawili watatu na mama zao, kisha kundi, kisha akina mama wengine wakaanza kuachia mikono, na watoto wanapita mbele ya lile bampa kubwa wanamtazama mzee kama wamemwona mtu wa kwenye picha. Foleni ya malori ikaanza kurefuka. Honi zikaanza.

"Pigeni mpaka zipasuke!" Bi Hamisa akawapigia kelele. "Mzigo hauozi, bati hilo! Mtoto ndiye anaoza!"

Clara alitoka uani kwa Bi Hamisa na masufuria yake, kufuli mkononi, akakuta hayo. Bupe akamwendea.

"Mnafanya mchezo gani?"

"Wanavuka."

"Leo. Na kesho?"

"Kesho wanasimama hao hao. Na wiki ijayo, na kila Jumapili. Na mnada hauanzi mpaka watoto wote wafike ng'ambo."

"Nani kasema?"

"Mnadi mwenyewe."

Clara alimtazama yule mzee kule katikati, jasho linamtiririka kwenye kola.

"Bado nani?" Mzee Polikarpo akanadi kutoka katikati ya barabara. Watoto wote walikuwa wamekwisha vuka, ila hakushusha mkono. "Nauliza, bado nani?"

Bupe alimtazama Clara. Jibu hilo halikuwa lake.

"Bado sie!" Hope akapiga ukelele mlangoni.

Clara akageuka. Hope alikuwa amesimama kizingitini, na nyuma yake Isack. Mtoto alikuwa amevaa. Si ndala. Alikuwa amevaa viatu vya shule, vyeusi, kamba amezifunga mafundo mawili mawili, na kwa jinsi zilivyokazwa alikuwa amezifunga toka alfajiri bila kumwambia mtu. Clara aliviona vile viatu. Bupe alimwona anaviona. Kufuli likaingia mfukoni mwa aproni.

"Haya," Clara akasema, sauti haina nguvu. "Haya, twendeni."

Hope alimshika Bupe mkono, wakavuka wakiruka. Isack alifika ukingoni, pale vumbi linapoishia na lami inapoanzia, akasimama. Alitazama chini. Mguu ulio mzima ukatangulia, ukarudi. Honi zikalia foleni nzima. Mzee Polikarpo mkono ulianza kuchoka, akaushika kwa ule mwingine, hakuushusha.

"Usimvute!" Bupe alipiga kelele kutoka ng'ambo, maana aliona jirani mmoja anataka kumvuta mtoto. "Mwacheni! Tunasubiri!"

Ndipo Clara alipotua masufuria yake chini. Alitembea akaingia barabarani, hakukimbia, akaenda mpaka mahali anapopajua yeye, pale mwanawe alipogongwa, hatua chache kutoka kwa Mzee Polikarpo. Tangu Pasaka hawakuwa wamesemezana. Hata sasa hakumtazama. Alisimama pale pale, akayageukia malori, mgongo kampa mzee.

"Isack," akaita. "Mama yuko katikati. Vuka, baba."

Isack akavuta pumzi, akaingia. Alichechemea, polepole, macho mbele. Alipomfikia mama yake hakushika mkono wake. Alipita mbele yake, akapita mbele ya mzee, akapita mbele ya bampa. Dereva wa lori la kwanza akazima injini kabisa. Ikawa kimya mpaka viatu vya mtoto vikasikika, kimoja kizito, kimoja chepesi. Akapanda ukingo wa upande wa kanisa.

Akina mama wakapiga vigelegele. Bupe alilia bila kujizuia, Hope anamvuta sketi anamuuliza analia nini. Kule kwenye foleni injini zikaanza kuwashwa, na Mzee Polikarpo, mkono umekufa ganzi, akaanza kuushusha.

"Bado!"

Ilikuwa sauti ya Isack. Alikuwa amegeuka, amesimama ukingoni, na mkono wake mdogo ameunyosha mbele kuyazuia malori, kiganja wazi, vile vile alivyomwona mzee.

"Bado mama!"

Mzee Polikarpo akaurudisha mkono juu haraka kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote. "Bado mama!" akanadi, na sauti ikamkatika katikati. "Hamsikii? Bado mama yake!"

Injini zikazimwa tena. Clara, pale katikati, alijishika mdomo. Miezi yote ile alikuwa na macho makavu kwenye masufuria na kwenye makuli na kwenye kufuli, na sasa machozi yalikuja yote, akalia amesimama mbele ya bandari nzima. Kisha akaanza kutembea kuelekea kanisani, na masufuria yake yakabaki ng'ambo na Bi Hamisa.

Isack hakuushusha mkono wake mpaka mama yake alipofika akaushika. Ndipo Mzee Polikarpo akatoka barabarani, akapita katikati ya watoto bila kusema neno na mtu, akaenda kupiga kengele.